Simba wa Raleigh Bado Anatukimbiza

Kabla hujachukua mkopo wa Sacco ununue baiskeli ya kaboni, nipe dakika kumi. Najua video uliyoiona. Jamaa amevaa miwani kama ya rubani, jezi imemkaa kama ngozi, anakuambia fremu yake mpya inamwokolea wati 20, halafu chini ya video kuna linki ya kununulia. Hapa Sagana tuko na kikundi kidogo cha wasee wa kuendesha baiskeli wikendi, na siku hizi stori zetu ni bei tu. Nani amenunua nini, nani bado yuko na chuma. Kuna kijana mmoja ambaye wiki nzima hubeba mboga kwa baiskeli kutoka Kagio, ana miguu kutushinda sisi wote, na ameacha kuja. Aliniambia anaona aibu, ati kaptula yake ni ya kuchezea mpira. Hapo ndipo niliona niandike.

Kwa sababu hii biashara ya kutuuzia hadithi pamoja na baiskeli haikuanza na Instagram. Ina zaidi ya miaka 130, na sisi Waafrika tumekuwa ndani yake karibu tangu mwanzo, wakati mwingine kama wateja na wakati mwingine kama picha.

Anza na Raleigh, jina ambalo wazee wetu wote wanalijua. Mwingereza tajiri anayeitwa Frank Bowden aliugua, daktari akamshauri aendeshe baiskeli, akapona, akaipenda sana hiyo kitu hadi akainunua karakana ndogo iliyokuwa barabara ya Raleigh, mji wa Nottingham. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1880. Kama hadithi hiyo inafanana na ushuhuda wa dawa za kienyeji kwenye matatu, hujakosea. Bowden aliiuza vizuri. Kisha akampata Mmarekani Arthur Zimmerman, mtu wa kasi kuliko wote wakati huo, ambaye alikuja kuwa bingwa wa dunia pale Chicago mwaka wa 1893. Zimmerman akipanda Raleigh na kushinda, mabango yanatoka: bingwa anatumia hii, wewe unangoja nini? Hata viatu vya baiskeli viliuzwa kwa jina lake. Yaani influensa alikuwepo kabla ya reli yetu kuondoka Mombasa.

Baadaye likaja bango ambalo naona lingefaa kufundishwa shuleni. Raleigh walilitengeneza kwa soko la makoloni ya Afrika: mwanamume Mwafrika juu ya baiskeli anakanyaga pedeli, na simba anamfukuza kutoka nyuma. Ujumbe ni kwamba Raleigh, baiskeli ya chuma kitupu, itakuokoa. Sasa tufanye hesabu. Simba akiamua, kwa mbio fupi anaweza kukaribia kilomita 80 kwa saa. Baiskeli ile ina kilo 20 na zaidi, gia moja, na barabara ya wakati huo ni vumbi na mawe. Nani anamla nani?

Bango lile halikumwambia mnunuzi chochote kuhusu spoki, rimu au bei ya vipuri. Lilimpa hofu, kisha likamuuzia dawa ya hofu. Tena hofu yenyewe ilichorwa na mtu aliyedhani kila Mwafrika anaishi na simba nyuma ya choo. Guka wangu alizaliwa huku Kirinyaga na shida yake kubwa na wanyama ilikuwa fuko kula viazi.

Guka alinunua baiskeli yake baada ya pesa za kahawa kupanda, ile miaka ya 1976 na 1977, baada ya baridi kuua kahawa ya Brazil, na wakulima wetu wakaona noti. Ilikuwa Black Mamba. Wakati huo jina hilo lilikuwa limeshakuwa la aina, si la kampuni: Raleigh ya Uingereza, Hero ya India, Phoenix ya China, zote tuliziita Black Mamba bora ziwe nyeusi, nzito na zenye kariaa nyuma. Nilimuuliza siku moja kwa nini alichagua hiyo aliyochagua. Hakutaja bango wala bingwa. Alisema fundi wa pale sokoni alikuwa na vipuri vyake. Basi. Ilibeba kahawa hadi kiwandani, ikabeba maji, ikabeba cucu akiwa mjamzito, na kwenye mlima alishuka akaisukuma.

Kumbuka hilo la kusukuma, nitalirudia.

Uko upande wa Busia, baiskeli hizo hizo zilizaa kazi nzima. Watu walikuwa wanavushwa kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda, na wabebaji wakaita "border to border", ikawa boda boda. Hakuna kampuni iliyobuni hiyo. Watu walishona mto juu ya kariaa wakaanza kutoza nauli. Pikipiki ziliichukua hiyo kazi serikali ilipoondoa VAT kwa zile zilizo chini ya 250cc, mwaka wa 2008, na leo ukisema boda hapa stage ya Sagana hakuna anayefikiria pedeli.

Sasa turudi kwa matangazo, twende kwa tairi, kwa sababu hapo ndipo utaona jinsi mtu anaweza kuuziwa kitu na kinyume chake na duka lile lile.

Kwa miaka mingi, baiskeli ya mbio ilimaanisha tairi nyembamba. Milimita 23, wengine hata 19, zimejazwa upepo hadi PSI 120, ngumu kama mbao. Tuliambiwa nyembamba ndiyo kasi. Ukiwa na tairi nono wewe ni mtu wa kubeba maziwa. Leo waendeshaji wa Tour de France wako kwa milimita 28 na kupanda, na kwenye Paris–Roubaix, ile mbio ya mawe, wanaenda 30, 32 na zaidi. Sababu si fumbo. Barabara si kioo. Tairi ngumu nyembamba inaruka kila shimo, na kila inaporuka nguvu yako inapotea kukutikisa mwili badala ya kukusukuma mbele. Tairi nono yenye upepo wa wastani inameza mashimo. Kila mzee aliyewahi kupita barabara ya ndani ya Mwea na gunia la mchele nyuma alilijua hilo kwa makalio yake.

Halafu wakaleta baiskeli za graveli, yaani za changarawe. Usukani wa mbio, tairi za milimita 40 hivi. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini hebu nenda kwa Black Mamba yoyote iliyoegemezwa kando ya duka, usome ubavuni mwa tairi: 28 × 1½. Hiyo ni karibu milimita 40. Tulikuwa nayo tangu enzi za guka. Tofauti ni kwamba hiyo ya guka haikuja na video ya droni.

Sasa usinisome vibaya. Siko hapa kusema kila kipya ni uongo, maana hata kukataa kipya kumewahi kuwa mbwembwe. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alidharau gia za kubadilisha akiona ni za wanyonge na wazee. Alitaka mwanamume ashinde kwa misuli yake tu. Tour haikuruhusu derela kwa mabingwa hadi 1937, ilhali watalii wa kawaida Ufaransa walikuwa wanazitumia miaka mingi kabla. Sasa mkumbuke guka akisukuma Black Mamba mlimani na kilo 60 za kahawa. Gia ingemwokoa goti. Hiyo ni teknolojia ya kweli, unaisikia kwenye mwili hata bila mtu kukuonyesha grafu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni rekodi ya saa moja: uwanja mmoja, mtu mmoja, unaenda mbali kiasi gani kwa dakika 60. Eddy Merckx wa Ubelgiji aliweka kilomita 49.431 pale Mexico City mwaka wa 1972, kwa baiskeli ya chuma na usukani wa kawaida. Mwaka wa 1996 Mwingereza Chris Boardman akafika 56.375, amelala juu ya baiskeli mikono imenyooshwa mbele kama Superman. Karibu kilomita saba zaidi. Je, Boardman alikuwa na miguu kumshinda Merckx kwa kiasi hicho? Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, halikukubali. Likasema anayetaka rekodi ya saa atumie baiskeli ya aina ya Merckx. Basi Oktoba 2000, pale Manchester, Boardman akapanda baiskeli ya namna hiyo, akatoa kila kitu alichokuwa nacho, akafika 49.441.

Mita kumi. Saa nzima, miaka 28 katikati, tofauti ni mita kumi.

Kila nikiisoma hiyo nasikia mambo mawili yakinivuta. La kwanza, vifaa vina nguvu kweli, maana kilomita saba si mchezo. La pili, nyingi ya hizo kilomita hazikutoka kwenye chuma wala kaboni. Zilitoka kwenye jinsi mwili ulivyokaa. Hewa inapokuzuia, sehemu kubwa ya kinachozuiwa ni wewe mwenyewe: mabega, kifua, kichwa. Na kuinama ni bure. Hakuna duka linaloweza kukuuzia kuinama, ndiyo maana hulioni kwenye tangazo.

Tuje kwa zile wati 20 za jamaa wa video. Karibu kila mara namba kama hizo hutoka kwenye chumba cha upepo, na kasi inayopimiwa huwa kilomita 45 kwa saa au zaidi. Hiyo ni kasi ya mabingwa. Kikundi chetu tukitoka Sagana kwenda Kagio, barabara ikiwa shwari na hakuna anayesimama kununua ndizi, tunashika wastani wa 25. Nguvu ya kushinda hewa haipungui polepole kasi ikishuka. Ukipunguza kasi nusu, inabaki moja kwa nane. Piga hesabu utoke 45 hadi 25, hizo wati 20 zinabaki tatu na kitu. Kwa wati tatu unataka kulipa riba miaka miwili?

Uzito nao. Wewe na baiskeli na chupa za maji tuseme mna kilo 78. Ukilipa pesa nyingi upunguze kilo moja, umepunguza kama asilimia 1.3 ya mzigo. Katika mlima wa saa nzima, hapo umeokoa sekunde 45 hivi. Kilo moja ni lita moja ya maji. Ni chapati za jana usiku. Tena UCI tangu 2000 imeweka kwamba baiskeli ya mbio isipungue kilo 6.8, kwa hivyo hata hao wanaolipwa wana sakafu. Bei ndiyo haina dari: baiskeli ya ngazi ya juu sasa inapita shilingi milioni moja na nusu. Kwa hiyo pesa unapata Probox inayotembea, na mafuta, na bima.

Nguo ndiyo hadithi yenye siasa. Zamani waendeshaji walivaa sufi. Kisha kukaja ule uzi wa kuvutika uliobuniwa Marekani mwaka wa 1958, ambao sisi tunauita tu Lycra, na miaka ya 1970 ukaingia kwenye kaptula za baiskeli. Hiyo nayo ilikuwa faida ya kweli. Nguo inayopepea kama bendera inakula nguvu zako, na pedi nzuri kwenye kaptula itakuokoa vidonda. Shati linalokubana kutoka mitumba ya Karatina linafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya soda mbili tatu. Nimepata pale jezi za timu za Ulaya ambazo hata hazipo tena.

Kinachouzwa na makampuni makubwa ni kitu kingine. Angalia Rapha, iliyoanzishwa London mwaka wa 2004. Jina limetokana na timu ya zamani ya Ufaransa, St Raphaël, nayo timu hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ya mdhamini wake, kinywaji cha pombe. Yaani tangazo la kileo la babu zao likawa nembo ya heshima ya wajukuu. Rapha waliuza picha za milima, ukungu, uso wa mateso. Walivisha Team Sky kutoka 2013 hadi 2016, na mwaka wa 2017 wawili wa familia ya Walmart wakainunua kampuni kwa pauni milioni 200. Bei hiyo si ya kitambaa. Ni ya ile hisia unayopata ukiona picha, kwamba wewe ni mtu wa aina fulani. Na ukishakubali kwamba kuna mtu wa aina fulani, lazima kuwe na asiye wa aina hiyo. Kijana wetu wa Kagio amejiweka upande huo bila kuambiwa.

Na angalia nani alikuwa ndani ya hizo jezi. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mshindi wa Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kabla hajavishwa na mtu, alikuwa mtoto anayemfuata David Kinjah kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, kwenye nyumba ambamo vijana wa Safari Simbaz walikuwa wakiunga baiskeli kwa vipuri vilivyotolewa kwa nyingine. Kinjah ameendesha akiwakilisha Kenya, amefundisha vijana miaka na miaka, na hakuna aliyetengeneza filamu ya kuuza cheni zake zilizotumika. Froome alipoanza kushinda na ile gia ya mbele isiyo duara kamili, watu duniani wakakimbilia kununua gia kama hiyo. Ungetazama pelotoni leo, karibu wote wako na duara.

Mwaka wa 2008 raia wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa kwa Alpe d'Huez: kilomita 13.8 za mlima, kona 21. Zakayo Nderi alikuwa mpiga viatu rangi na Samwel Mwangi boda boda wa baiskeli, wote wa Eldoret. Nderi alipanda kwa dakika 42 na ushee. Walipewa baiskeli za mbio, sawa, hawakupanda na Black Mamba. Lakini miguu haikutoka dukani. Kilichowazuia Wakenya wengi kama wao kufika hapo ni pesa za kuingilia, viza, na mbio za kujipimia. Ndiyo sababu hatua iliyonifurahisha zaidi ya Team Amani, timu ambayo marehemu Suleiman Kangangi alikuwa nahodha wake, ni kuleta mbio nyumbani: Migration Gravel Race pale Maasai Mara, mwaka wa 2021. Wazungu ndio wakapanda ndege.

Na hapa ndipo mbwembwe zinaacha kuwa kichekesho. Ukiwaaminisha vijana kwamba huwezi kuanza bila laki tatu, umefunga lango. Huku kwetu mlima uko bure, kutoka Sagana kupita Kibirigwi hadi Karatina ni kupanda tu, na asubuhi mapema hewa ni safi. Hatari yetu ni malori na matatu kwenye hiyo barabara kubwa ya kutoka Kenol hadi Marua, wala si kaboni iliyokosekana. Kofia ngumu, breki zinazoshika, taa ya nyuma: hapo tumia pesa, na mtu akikucheka mwambie nimekutuma.

Kuna jambo moja linalonichekesha. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Marekani inayouza gia za kielektroniki kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, ndiye huyo huyo aliyeanzisha World Bicycle Relief mwaka wa 2005 pamoja na mkewe. Shirika hilo hutoa baiskeli ya Buffalo, utaiona sana kule Kisumu na magharibi. Ni chuma, ina uzito wa kilo 20 na ushee, na sifa kuu wanayoitangazia ni kwamba kariaa inabeba kilo 100. Watu wale wale, wanapotaka baiskeli ifanye kazi, wanataja mzigo na vipuri. Kama fundi wa guka.

Basi, Jumamosi tunatoka Sagana stage saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunapanda hadi Karatina, chai huko, tunarudi. Kagio, wewe unajijua, nimeshaongea na fundi akuangalilie breki ya nyuma. Njoo na hiyo kaptula.